Gego la utotoni limetoboka: lizibwe, ling'olewe, na daktari gani?

Swali: "Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miaka minne na nusu. Magego yake mawili ya chini yametoboka, moja kila upande. La kulia humuuma akila kitu kitamu, kisha maumivu yanakata. Usiku analala vizuri. Nilimpeleka kwa daktari wa meno anayenitibu mimi. Mtoto alilia, akafumba mdomo, daktari akachungulia kwa tabu, akasema hayo ni meno ya utotoni, yatang'oka yenyewe, tusubiri, na likizidi kuuma atalitoa. Wifi yangu anasema hayo ni makosa, nitafute daktari bingwa wa meno ya watoto. Bingwa yuko mbali na gharama yake imezidi. Je, kuna haja ya kwenda huko? Na kuziba jino litakalong'oka si kutupa fedha?"

Marahaba, mama. Pole na mtoto. Umeuliza mambo mawili, na nitaanza na la pili, maana kujua uende kwa daktari yupi kunategemea kwanza kama jino lenyewe linastahili kutibiwa.

Aliyekuambia kwamba meno ya utotoni hung'oka yenyewe hakukudanganya. Alichokiruka ni tarehe. Mtoto huwa na meno 20 ya utotoni. La kwanza huchomoza karibu na miezi sita, na akifikisha miaka mitatu kwa kawaida yote yameshatoka. Kung'oka nako kuna zamu. Meno ya mbele ya chini huanza kucheza kwenye miaka sita au saba. Magego hukaa sana: la kwanza hung'oka kati ya miaka 9 na 11, la pili kati ya 10 na 12. Mwanao ana minne na nusu. Piga hesabu mwenyewe: magego hayo yana miaka minne na nusu hadi saba na nusu ya kutafuna mbele yao, na jino lililotoboka halina subira ya namna hiyo.

Hii ndiyo hesabu ya kwanza ninayoipiga kila nikiletewa mtoto. Jino hili limebakiwa na muda gani mdomoni? Akija wa miaka sita na nusu mwenye tundu dogo kwenye jino la mbele ambalo tayari linalegea, naliacha, nakagua mengine, nawaambia waendelee na mswaki. Gego la mtoto wa miaka minne siliachi. Simlaumu sana mwenzangu aliyemwona mwanao. Mtoto akifumba mdomo, machaguo ya daktari hupungua, na "tusubiri" huwa ndilo neno lililo karibu zaidi na ulimi. Lakini kusubiri bila mpango si matibabu.

Jino la utotoni linaoza upesi kuliko lako. Tabaka lake gumu la nje ni jembamba, na kiini chake, pale palipo na mishipa ya damu na ya fahamu, ni kikubwa ukilinganisha na umbo la jino. Tundu ambalo kwa mtu mzima lingetambaa kwa miaka, kwa mtoto linaweza kufika kwenye kiini ndani ya miezi. Baada ya hapo ni maumivu ya usiku, kisha kiini kinakufa, kisha usaha. Na chini ya mizizi ya magego hayo, ndani ya mfupa, meno ya ukubwani yanaendelea kuumbwa. Usaha ukikaa hapo muda mrefu, jino jipya linaweza kutoka na madoa au likiwa na tabaka la juu lililokwaruzika.

Kuna jambo la nafasi pia. Hapa ningependa umuulize daktari swali mahususi: magego yaliyotoboka ni la kwanza au la pili kuhesabu kutoka mbele? Karibu na miaka sita, nyuma ya gego la pili la utotoni, hutoka gego la kwanza la ukubwani. Gego la pili la utotoni ndilo ukuta linaloegemea likitafuta mahali pake. Ukiung'oa ukuta mapema, gego jipya husogea mbele, na jino lililokuwa likisubiri zamu chini hapo linakosa pa kutokea au linatoka upande. Ndiyo maana kung'oa gego la pili kwa mtoto wa miaka minne hakuishii kwenye kung'oa. Mara nyingi lazima uwekwe waya wa kushikilia nafasi, na waya huo nao unahitaji kusafishwa na kukaguliwa kwa miaka. Ukijumlisha hayo, kuziba hakuonekani tena kuwa njia ya gharama.

(Kwa kuwa nimelitaja gego la miaka sita: halisukumi jino lolote litoke. Linachomoza kimya nyuma kabisa, na wazazi wengi hudhani ni la utotoni. Nimeshaambiwa mara nyingi, "Hilo nalo si litang'oka?" kuhusu jino ambalo mtoto anatakiwa kuzeeka nalo. Likitoka kwa mwanao, omba mifereji yake ya juu izibwe mapema kwa utando wa kinga. Ni kazi ya dakika chache, haina sindano.)

Sasa turudi kwenye dalili ulizoeleza, kwa sababu zimenipa moyo. Maumivu yanayokuja na kitu kitamu, kisha yakakata, kwa kawaida humaanisha kiini bado kiko hai na kinaweza kuokolewa. Maumivu yanayomwamsha mtoto usiku bila kuguswa na chochote ni habari nyingine: hapo kiini huwa kimeshavimba kiasi cha kutorudi. Na kijipu kwenye ufizi, chenye kichwa kama chunusi, kinamaanisha jino limekufa na usaha umetafuta mlango. Mwanao yuko hatua ya kwanza. Kitu kimoja usikubali kikudanganye: jino likiacha kuuma ghafla bila kutibiwa, usishukuru. Jino lililotoboka halijiponyi. Likinyamaza, mara nyingi ni kwa sababu kiini kimekufa, na kazi ya usaha inaanza.

Basi daktari yupi? Niseme wazi kwamba mimi si bingwa wa watoto. Ni daktari wa meno wa kawaida ambaye sehemu kubwa ya wagonjwa wake ni watoto, kwa hiyo sina sababu ya kumpigia debe yeyote. Bingwa wa watoto amesoma shahada ileile ya udaktari wa meno tuliyosoma sote, kisha akaongeza miaka miwili au mitatu akijifunza watoto peke yao: namna meno na taya zinavyokua, namna ya kumtuliza mtoto mwenye hofu, matumizi salama ya dawa za kutuliza na za usingizi, na utunzaji wa watoto wenye maradhi au ulemavu. Si kwamba mikono yake ni ya dhahabu. Kukagua, kupaka floraidi, kuziba tundu dogo, hata kung'oa jino linalocheza, daktari wa kawaida aliyezoea watoto anafanya vizuri kabisa. Tofauti inaonekana mtoto anapokataa, au kazi inapogusa kiini cha jino.

Nakiri kosa langu hapa, labda litakusaidia kuliko maelezo. Miaka ya mwanzo ya kazi niliwahi kumziba mtoto wa miaka mitatu huku mzazi amemshika mikono na msaidizi amemshika kichwa. Kuziba kulikwenda vizuri, nikajisifu. Mtoto yule hakukubali tena kuingia chumba chochote chenye kiti cha meno mpaka alipokuwa mkubwa, na wakati huo magego yake ya ukubwani yalikuwa yameshaoza. Nilipaswa kusimamisha kazi, nipake dawa ya kuzuia uozo, nimwandikie barua ya rufaa. Tangu hapo nina kanuni yangu: mtoto akikataa mara mbili kwa daktari yuleyule, na kazi si ya dharura, safari ya kwenda kwa bingwa imeshajilipia.

Sababu nyingine zinazonifanya niandike rufaa bila kujiuliza sana ni hizi: mtoto chini ya miaka mitatu mwenye meno kadhaa yaliyooza, mtoto mwenye ugonjwa wa moyo au wa damu kutoganda, mwenye usonji au mtindio wa ubongo, na yule ambaye kazi yake ni kubwa kiasi kwamba heri ifanywe yote siku moja hospitalini kwa nusu kaputi. Nusu kaputi si kitu cha kukimbilia, ina hatari zake, lakini kwa mtoto mwenye meno manane mabovu huwa ni huruma kuliko kumrudisha kitini mara sita.

Mwanao hayumo katika orodha hiyo moja kwa moja. Ana matundu mawili yanayoonekana. Nasema yanayoonekana kwa sababu magego ya utotoni ya umri huu huwa yamebanana, na uozo hupenda kuanzia pale yanapogusana, mswaki usipofika na jicho lisipoona. Ukiona mawili, moja kila upande, mengine yanaweza kuwa yamejificha. Picha za eksirei za magego ndizo zitakazosema, na mionzi yake ni kidogo mno. Daktari anayeamua kung'oa au kuziba magego yaliyobanana bila picha anabahatisha, isipokuwa mtoto amekataa kabisa kupigwa picha.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba si kila tundu la mtoto linahitaji sindano na mashine ya kuchimba. Njia zimeongezeka, na daktari wako akizijua, huenda usisafiri popote.

Ya kwanza ni dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi. Hupakwa kwenye tundu kwa brashi ndogo, kwa dakika moja hivi, basi. Inaua vijidudu na kuufanya uozo ugande usiendelee. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Kasoro yake uijue kabla hujakubali: sehemu iliyooza inageuka nyeusi na inabaki nyeusi. Kwenye gego la nyuma wazazi wengi hawajali. Kwenye jino la mbele wengine hulia kuliko mtoto. Haijazi tundu, na kwa kawaida hurudiwa baada ya miezi kadhaa. Na haifai kwa jino lenye usaha au linalouma usiku.

Ya pili ni kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine, kisha kulijaza simenti maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Njia hii ilibuniwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kwa ajili ya mahali pasipo na umeme. Leo inatumika hata katika kliniki zenye kila mashine, kwa sababu haina mlio, na mtoto huogopa mlio kabla hajaogopa maumivu.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi kwa magego: kofia ya chuma kisichoshika kutu. Daktari wa Uskoti, Norna Hall, alianza miaka ya 1980 kuzivika kofia hizi juu ya magego ya utotoni yaliyooza bila kuchimba wala kupiga ganzi. Jambo hili lilishangaza wengi. Uozo unafungiwaje ndani? Lakini vijidudu vya uozo huishi kwa sukari, na kofia ikibana vizuri sukari haipiti tena, kwa hiyo uozo hukwama. Siku chache kabla, daktari anaweza kuweka vipete vidogo vya mpira katikati ya meno ili kofia ipate njia. Siku za mwanzo mtoto atahisi meno hayakutani sawasawa. Hali hiyo hujirekebisha ndani ya wiki chache. Jino litang'aa kama fedha mpaka siku litakapong'oka pamoja na kofia yake. Kwa tundu lililo kati ya meno mawili, kofia hudumu kuliko kuziba kwa kawaida, ambako kwa watoto wadogo huvunjika au hudondoka mara nyingi. Sharti lake ni kwamba kiini kiwe kizima, kama dalili za mwanao zinavyoelekea.

Kiini kikiwa kimeguswa lakini hakijafa, daktari huondoa sehemu yake ya juu tu, huweka dawa juu ya iliyobaki, kisha huvika kofia. Hapo ganzi ni lazima, na ndipo ningependa awepo mtu mwenye uzoefu wa watoto. Jino likiwa na usaha, kwa kawaida kung'oa ndiyo jibu, na suala la kushikilia nafasi linafuata.

Kwa hiyo kabla hujapanga safari, mpigie simu huyo daktari wako wa kwanza. Muulize anawaona watoto wangapi wa chini ya miaka mitano kwa wiki. Muulize kama anapiga eksirei ya magego na kama ana kofia za chuma za watoto. Kisha muulize atafanya nini mwanao akikataa kufungua mdomo. Akisema tutamtuliza, tutamzoesha, tutaanza na kazi nyepesi, mrudishe kwake kwa amani. Akisema tutamshika, umeshapata jibu lako.

Maandalizi ya nyumbani nayo yana uzito. Usimwahidi kwamba hataumia. Hujui, na akiumia hata kidogo ataacha kukuamini wewe na daktari pamoja. Usitumie kliniki kama kiboko, ile "ukisumbua utachomwa sindano". Mwambie tu kwamba daktari atahesabu meno na kuyasafisha, mengine muachie daktari, maana tuna maneno yetu: ganzi kwetu ni kulaza jino, mashine ni bomba la kuoshea. Daktari mzuri wa watoto humweleza mtoto kwanza, akamwonyesha kifaa mkononi au kwenye ukucha, ndipo akafanya. Omba miadi ya asubuhi, mtoto akiwa amelala vya kutosha na ameshakula, isipokuwa umeambiwa afunge kwa sababu ya dawa ya usingizi. Ukiweza, ziara ya kwanza iwe ya kukaa kitini na kuhesabu meno tu. Na akilia, usione aibu. Mtoto wa miaka minne analia, sisi tumezoea.

Wakati mkisubiri miadi, ufunge mlango uozo ulikoingilia. Kila anapokula au kunywa kitu chenye sukari, vijidudu hutengeneza asidi inayolainisha jino kwa nusu saa au zaidi kabla mate hayajaisawazisha. Mara ngapi kwa siku kunadhuru kuliko kiasi gani kwa mara moja. Kitamu kikija pamoja na mlo, kinadhuru kidogo. Kikidokolewa kutwa nzima, jino halipati nafasi ya kupumua. Chupa ya maziwa au juisi ya kulalia iondolewe, maana usiku mate hupungua. Mswaki mara mbili kwa siku, na ule wa kabla ya kulala usikosekane kamwe. Umsugulie meno wewe, si yeye mwenyewe. Mkono wa mtoto hauwezi kazi hiyo sawasawa kabla ya miaka saba au minane. Tumia dawa ya meno yenye floraidi, angalau 1,000 ppm, namba hiyo huandikwa kwenye tyubu. Kwa umri wake weka kiasi cha punje ya njegere. Kwa aliye chini ya miaka mitatu, punje ya mchele. Ateme povu, asisukutue kwa maji baadaye, ili floraidi ibaki kwenye meno. Kliniki nayo inaweza kumpaka vanishi ya floraidi kila baada ya miezi mitatu hadi sita.

Akiumwa kabla ya miadi, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini asipewe mtoto, na wala usimwekee kidonge chochote juu ya ufizi, huunguza. Antibayotiki hazizibi tundu, kwa hiyo usinunue kwa kubahatisha. Ila ukiona shavu au chini ya taya pamevimba na ana homa, au jicho linaanza kufunga kwa uvimbe, au anashindwa kumeza au kufungua mdomo, usisubiri miadi ya mtu yeyote. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Daktari wako asipokuwa na majibu niliyoyataja, nenda kwa bingwa, lakini kwa mpango. Wapigie kwanza, waeleze umbali unaotoka na dalili kama ulivyonieleza mimi, uombe eksirei na matibabu ya magego yote mawili yapangwe kwa ziara moja au mbili. Ukimaliza, omba barua ya maelezo umpelekee daktari wa karibu, yeye aendelee na ukaguzi wa kila miezi sita. Madaktari wawili kwa mtoto mmoja ni jambo la kawaida. Na kama una mdogo wake, mchukue katika safari hiyohiyo: ukaguzi wa kwanza wa meno unatakiwa kabla mtoto hajatimiza mwaka, na kwa mtoto wa umri huo unafanyika amelala mapajani mwako, kichwa chake kikiwa magotini pa daktari.